Wavu Juu ya Tufe: Historia ya Kasoro Isiyoondoka

Karibu na mji mdogo wa Mogotio, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, Ikweta hukatana na mstari wa longitudo wa nyuzi 36 Mashariki. Hakuna mto wala mlima uliowekwa na maumbile ili kutenga upande huu na ule. Nyasi ni zile zile, mbuzi ni wale wale. Hata hivyo, katika hesabu za ramani za kupimia ardhi, hapo ndipo zinapokutana pande nne zisizosikilizana. Kisima kilichoko mita moja kaskazini ya Ikweta huandikiwa umbali wa mita 1, na kisima mwenzake kilichoko mita moja kusini huandikiwa mita 9,999,999. Mchungaji anayevuka mstari wa nyuzi 36 akitoka magharibi huiacha nyuma namba inayokaribia 834,000 na kuipokea papo hapo nyingine inayokaribia 166,000. Amepiga hatua moja tu, lakini katika daftari amesafiri mamia ya kilometa.

Sababu ya jambo hili si uzembe wa wapima ardhi. Mfumo unaotumiwa, ambao jeshi la Marekani liliuunda katika miaka ya 1940, huikata dunia, ukiacha maeneo ya ncha, katika vipande 60 vyenye upana wa nyuzi 6 kila kimoja, kisha hukibapaza kila kipande peke yake, yaani hukifanya kuwa bapa. Upande wa kusini wa Ikweta huongezewa mita 10,000,000 ili hesabu isiingie katika namba hasi. Kila kipande ni safi ndani yake, bali kasoro zote husukumwa kwenye mishono. Na kwa kuwa mshono mmoja hupita nyuzi 36, na mwingine hupita Ikweta, Kenya imejikuta imeshonwa kwa mapande manne. Nyuzi 36 zenyewe huhesabiwa kutoka Greenwich, mahali palipochaguliwa na mkutano wa mataifa uliofanyika Washington mnamo Oktoba 1884, ambako Liberia ndiyo iliyokuwa nchi pekee ya Afrika iliyoitwa kwa jina lake.

Kasoro hiyo ilikuwa haina budi kukaa mahali fulani. Jambo linalostahili kuchunguzwa ni mahali gani, na ni nani aliyepachagua. Historia ya jitihada za kuihesabu dunia juu ya tufe lenyewe, bila kupitia ramani bapa, mara nyingi husimuliwa kana kwamba ni historia ya kuiondoa kasoro. Ukweli ni kwamba kasoro haikuondolewa hata mara moja. Ilihamishwa.

Yafaa kwanza maneno yawekwe sawa. Neno "tufe" limekwisha kukubalika katika hisabati kwa umbo la mviringo kama mpira. Kwa ule mpangilio wa mistari au vijisehemu unaotandazwa juu ya tufe hilo, waandishi wengi hutumia "gridi", na kijisehemu kimoja wakakiita "seli". Lakini mvuvi wa pwani ana "wavu", na kila tundu la wavu huo huliita "jicho", naye husema nyavu za macho madogo na nyavu za macho makubwa. Istilahi hii imekamilika, ina wingi wake na umoja wake, na inabeba maana ile ile inayotakiwa, yaani kitu kinachotandazwa juu ya umbo lisilonyooka na kulifuata. Humu yatatumika maneno hayo ya mvuvi.

Kwamba tufe halibapaziki bila kuharibika ni jambo ambalo kila aliyewahi kukanyaga kifuu cha nazi analijua. Ama kitapasuka, ama kitabaki na mgongo wake. Carl Friedrich Gauss aliligeuza jambo hili kuwa hoja ya hisabati mwaka 1827, alipothibitisha kwamba mpindo wa uso ni sifa ya uso wenyewe, isiyoweza kubadilishwa bila kunyoosha au kukunjamanisha. Tangu hapo haikuwezekana tena kwa mchora ramani kutumaini kwamba siku moja, kwa werevu zaidi, ataipata ramani bapa isiyo na uongo. Lazima achague kitakachopotoka: ukubwa, umbo, umbali au mwelekeo.

Wahenga wa Iskandaria walikuwa wameliona tatizo hilo zamani sana. Eratosthenes, aliyeishi mjini humo katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alipima kivuli cha jua la mchana wa kati mjini Iskandaria siku ambayo jua lilisimama utosini huko Syene, ambayo leo ni Aswan. Akapata pembe iliyo sawa na sehemu moja katika hamsini za duara, na kwa hiyo akaukadiria mzunguko wa dunia yote bila kuondoka Misri. Karibu miaka mia nne baadaye, katika mji huo huo, Ptolemy aliorodhesha mahali wapatao 8,000, kila pahali na latitudo yake na longitudo yake. Miongoni mwake umo mji wa Rhapta, soko la pwani ya Afrika ya Mashariki ambalo wanahistoria wangali wakilitafuta. Ptolemy alieleza wazi kwamba tufe ndilo linalofanana na dunia, ila ni vigumu kulitengeneza kubwa kiasi cha kutosha maelezo yote, na ni vigumu kuliona lote kwa mtazamo mmoja. Alikwenda kwenye ramani bapa kwa sababu ya nafasi na macho. Ile orodha yake ya namba haikuhitaji karatasi iliyochorwa. Ilikuwa tayari ni wavu juu ya tufe, na mabaharia na wanajimu waliokuja baadaye waliweza kuufuata hivyo.

Katika Bahari ya Hindi kulikuwa na njia nyingine, nayo haikuwa na karatasi kabisa. Ahmad bin Majid wa Julfar, baharia na mtunzi wa mashairi aliyeishi katika karne ya 15, aliandika juu ya bandari na safari, pamoja na ile ya kwenda Sofala, kwa kutaja urefu wa nyota juu ya upeo wa macho. Kipimo kilikuwa kidole. Nahodha alishika kibao kidogo kilichofungwa uzi wenye mafundo, akauuma uzi kwa meno, akalinganisha ukingo wa kibao na nyota, na fundo lilimwambia yuko mkabala wa bandari gani. Mahali palitambulishwa kwa anga lake. Kiswahili chenyewe bado kinabeba alama ya maarifa ya namna hii, kwani kaskazini ni upande wa kaskazi na kusini ni upande wa kusi. Majina hayo mawili yalitolewa na pepo, na mtu aweza kuyatumia maisha yake yote asihitaji kujua kwamba kuna karatasi ambayo juu yake ni kaskazini.

Kwa ubaharia wa Ulaya karatasi ilikuwa muhimu, na hapo ndipo inapoingia ramani ya Gerardus Mercator ya mwaka 1569. Ubora wake ulikuwa mmoja na ulikuwa mkubwa: nahodha anayeshika upande mmoja wa dira aliweza kuichora safari yake kwa mstari ulionyooka. Gharama yake ni kwamba kadiri mtu anavyokaribia ncha ndivyo vipimo vinavyovimba. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 urefu huwa maradufu na eneo huwa mara nne. Hivyo Afrika, yenye kilometa za mraba zipatazo milioni 30, huonekana kulingana na Greenland, ambayo ni ndogo kuliko Afrika kama mara 14. Mercator aliipeleka kasoro kwenye ncha, mahali ambapo wateja wake hawakwenda. Kwa nahodha lilikuwa chaguo la busara. Ramani ilipotoka chomboni na kutundikwa ukutani mwa madarasa, pamoja na ya Kenya, chaguo lile lile liligeuka kuwa somo la uongo kuhusu nani mkubwa na nani mdogo.

Ubishi juu ya somo hilo unajulikana vya kutosha na haufai kurefushwa. Arno Peters alitangaza ramani yake ya maeneo sawa mwaka 1973, ingawa James Gall alikuwa amekwisha kuibuni namna hiyo hiyo mwaka 1855. Wengine walitoa mwaka 2018 ramani iitwayo Equal Earth, iliyo na sura ya kupendeza zaidi. Mnamo Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliiunga mkono kampeni ya kuitaka dunia iachane na Mercator. Madai hayo ni ya haki. Lakini hata katika ramani ya Peters, nchi iliyo kwenye Ikweta kama Kenya huvutwa mpaka urefu wake wa kaskazini hadi kusini ukawa maradufu ukilinganishwa na upana wake. Ukubwa umerudishwa na umbo limechukuliwa. Aidha, wakati wabishani walipokuwa bado wanashindania picha ya ukutani, hesabu za dunia zilikuwa zimeanza kuiacha karatasi, na kuiacha huko hakukuanzishwa na wachora ramani bali na watabiri wa hali ya hewa.

Lewis Fry Richardson, Mwingereza wa madhehebu ya Quaker, alikataa kupigana katika Vita Kuu ya Kwanza, akaenda Ufaransa kuendesha gari la kubebea majeruhi. Katika mapumziko yake, mezani pake pakiwa ni rundo la nyasi kavu katika kambi ya baridi, alijaribu jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake, yaani kuikokotoa hali ya hewa ya kesho kwa kalamu. Aliigawa ramani ya Ulaya kama ubao wa sataranji, akachukua vipimo vya asubuhi ya tarehe 20 Mei 1910, na akahesabu mabadiliko ya saa sita. Kazi hiyo ilimchukua karibu wiki sita. Muswada wake ulipotea wakati wa mapigano ya Champagne mwaka 1917, ukaonekana miezi kadhaa baadaye nchini Ubelgiji chini ya lundo la makaa ya mawe. Jibu alilolipata lilikuwa baya mno. Hesabu ilisema kwamba kanieneo ya hewa ingebadilika kwa milibari 145 katika saa sita, ilhali siku yenyewe hewa ilikuwa imetulia. Kosa halikutokana na ule ubao wa sataranji bali na vipimo vya mwanzo ambavyo havikuwa vimesawazishwa. Richardson, kwa uaminifu wa nadra, alilichapa kosa lake lote katika kitabu cha mwaka 1922.

Ndani ya kitabu hicho kuna ndoto moja inayohusu tufe moja kwa moja. Richardson aliwaza ukumbi mkubwa wa mviringo, mfano wa ukumbi wa maonyesho, ambao kuta zake zimechorwa dunia nzima kwa ndani: Aktiki darini, nchi za joto kwenye kumbi za kati, Antaktika chini sakafuni. Watu 64,000 wameketi humo, kila mmoja mbele ya sehemu yake ya dunia, akihesabu hewa ya hapo na kumpitishia jirani jibu lake. Katikati, juu ya mnara, amesimama msimamizi anayewamulika kwa mwanga wale wanaokimbia mno na wale wanaochelewa. Richardson hakuwa na kompyuta, kwa hiyo kompyuta zake zilikuwa watu. Lakini wazo la kwamba dunia ihesabiwe mahali pake, juu ya mviringo wake, kila jicho la wavu likizungumza na majirani zake tu, lilikuwa limekamilika.

Ndoto hiyo ilipokutana na mashine, tatizo la ncha lilirudi. Utabiri wa kwanza uliofaulu, uliofanywa kwa kompyuta ya ENIAC mwaka 1950, ulihusu Amerika Kaskazini na pembezoni mwake, na uliwekwa juu ya ramani bapa. Haja ya kuihesabu dunia yote ilipokuja, wengi waliurudia wavu wa Ptolemy wa latitudo na longitudo. Ubaya wa wavu huo ni kwamba macho yake hayalingani. Jicho la upana wa nyuzi moja lina kilometa 111 kwenye Ikweta, ila kwenye latitudo ya nyuzi 89 upana wake hauzidi kilometa 2. Sasa upepo unaovuma kwa kasi ile ile hulivuka jicho jembamba kwa muda mfupi sana, na hesabu inayopiga hatua ndefu kuliko muda huo huvurugika mpaka isifae kitu, kama walivyokwisha kuonyesha Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928. Kwa hiyo kompyuta nzima ililazimika kwenda kwa hatua fupi za ncha. Wakazi wote wa dunia walisubiri kwa ajili ya maeneo mawili ya barafu. Mercator alikuwa ameipeleka kasoro kwenye ncha kwa sababu hakuna aliyekwenda huko, na wahesabu hewa walikuta kwamba hewa yenyewe huenda.

Mwaka 1968 zilitoka makala mbili mbalimbali, moja ya Robert Sadourny, Akio Arakawa na Yale Mintz, na nyingine ya David Williamson. Zote mbili ziliacha latitudo na longitudo, zikaanza na umbo la nyuso 20, ambalo ni moja kati ya maumbo matano yaliyo kamili katika jiometri ya Wayunani. Umbo hili limejengwa kwa pembetatu 20 zilizo sawa na lina vipeo 12. Likitiwa ndani ya tufe, na kila pembetatu ikagawanywa tena na tena, hupatikana wavu wenye macho yanayokaribia kulingana kote duniani, na ncha haziwi mahali pa pekee. Wazo lilikuwa zuri mapema mno. Hesabu juu ya macho yasiyo miraba zilitoa makosa yake, njia nyingine zikapata nguvu, na kwa karibu miaka 30 wavu huo ulilala. Idara ya hali ya hewa ya Ujerumani ndiyo iliyouamsha kwa kazi za kila siku mnamo Desemba 1999, na mwaka 2015 ikaanza kutumia mfumo mpya uliojengwa juu ya umbo lile lile.

Hapa lazima itajwe kanuni moja ya Leonhard Euler ya karne ya 18, kwa sababu ndiyo inayoamua kila kitu kilichofuata. Wavu wa pembesita ndio unaopendeza kuliko wote, kwa maana kila jicho lina majirani sita na wote wako umbali mmoja, tofauti na mraba ambao majirani zake wa pembeni wako mbali kuliko wa ubavuni. Nyuki hakukosea. Lakini kwa mujibu wa Euler haiwezekani kulifunika tufe kwa pembesita peke yake. Macho matatu yakikutana kila penye kipeo, patahitajika pembetano 12, si 11 wala 13, hata pembesita zikiwa mabilioni. Mpira wa miguu wa zamani wenye vipande vyeusi na vyeupe huonyesha jambo hilo: vyeusi ni pembetano, navyo ni 12. Hizo pembetano ndizo kasoro katika hali yake ya mwisho. Haziwezi kupunguzwa. Kilichobaki kwa binadamu ni kuamua zikae wapi.

Aliyeamua alikuwa Buckminster Fuller wa Marekani, mbunifu mwenye maneno mengi na hesabu nzuri. Mwaka 1943 gazeti la Life lilitoa ramani yake ya kukatwa na kukunjwa, na mwaka 1954, akishirikiana na Shoji Sadao, aliitoa upya juu ya umbo la nyuso 20. Alilizungusha umbo hilo juu ya dunia mpaka akapata mkao ambao vipeo vyote 12 vimeangukia baharini. Alikuwa ameiweka kasoro mahali kwa makusudi, akaeleza sababu yake: nchi kavu isipasuliwe. Na kwa kweli katika mkao huo Kenya yote imo ndani ya uso mmoja, bila mshono wa Ikweta wala wa nyuzi 36. Ukingo unaoutenga uso huo na wa kaskazini yake huikata Ethiopia, na ukifuatwa kwa hesabu hupita karibu sana na Addis Ababa, uliko makao makuu ya Umoja wa Afrika.

Ramani ya Fuller ilikuwa bado karatasi, ingawa karatasi yenye mikunjo. Hatua ya kuiacha kabisa ilikuwa hatua ya majina, na kwa wanaisimu hapa ndipo penye utamu zaidi. Geoffrey Dutton, Mmarekani, alipendekeza katika miaka ya 1980 kwamba mahali pasitambulishwe kwa jozi ya vipimo bali kwa jina linalorefuka. Alianza na umbo la nyuso nane. Tarakimu ya kwanza hutaja uso. Kila uso hugawanywa katika pembetatu nne, na tarakimu ya pili hutaja mojawapo, nayo hugawanywa tena nne, na kadhalika. Baada ya migawanyo 20 ubavu wa pembetatu moja huwa kama mita 10. Jina refu hutaja mahali padogo, na jina fupi mahali pakubwa. Ukikata mkia wa jina unampata mzazi, na ukikata tena unampata babu. Mswahili aliyezoea kusikia mtu akiitwa fulani bin fulani bin fulani hahitaji kuelezwa mara mbili, isipokuwa kwamba hapa babu hutajwa kwanza na mtoto mwisho. Zaidi ya hayo, jina lenyewe hukiri kiasi cha ujuzi. Mtu asiyejua mahali kwa usahihi hulikata jina mapema, wala hajifanyi kujua mpaka mita ya mwisho, kama zifanyavyo latitudo zilizoandikwa kwa desimali nyingi zisizo na msingi.

Hata hivyo, Ikweta ni mmoja wa kingo za umbo la Dutton. Visima viwili vya Mogotio, vilivyo mita mbili mbalimbali, huwa na majina yasiyoshiriki hata tarakimu ya kwanza, kana kwamba mmoja ni wa ukoo wa kaskazini na mwingine wa kusini, ambao hawajapata kukutana tangu babu wa kwanza.

Kwa upande mwingine walikuwapo watu ambao hawakujali sana majina, bali haki ya kuhesabu. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira lilitaka, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kujua hali ya maziwa, mito na misitu ya nchi nzima kwa kupima sampuli. Sampuli isiyo na upendeleo hutaka kila eneo liwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, na kwa hiyo macho ya wavu lazima yalingane kwa eneo, si kwa sura tu. Denis White, Jon Kimerling na Scott Overton waliutengeneza wavu wa namna hiyo, wenye vituo vilivyoachana kama kilometa 27, wakauchapisha mwaka 1992. Mwaka huo huo John Snyder, ambaye kitaaluma alikuwa mhandisi wa kemia na ramani zilikuwa mapenzi yake, alitoa njia ya kuhamisha eneo kutoka tufe kwenda nyuso za pembetatu bila kupunguza wala kuzidisha. Wanajimu nao, wanaolihesabu anga, walipata wavu wao wa macho 12 ya mwanzo yenye maeneo sawa kabisa, ambao Krzysztof Górski na wenzake waliueleza kwa ukamilifu mwaka 2005. Humo umbo ndilo lililotolewa mhanga.

Katika karne hii kazi imehamia mikononi mwa makampuni. Mfumo wa S2 wa Google umeanza na mchemraba, na uso mmoja wa mchemraba huo umekitwa pale Ikweta inapokutana na longitudo ya Greenwich. Matokeo yake ni kwamba mshono hupita nyuzi 45 Mashariki, katika Somalia. Barawa, ambako Chimwiini ni lugha ya nyumbani, pamoja na Marka, imo katika uso mmoja na Lamu na Lagos. Mogadishu, iliyo mashariki kidogo ya mshono, imo katika uso mmoja na Bara Hindi. Haikuwa hila ya mtu. Mchemraba ulihitaji kusimama, na aliyeusimamisha alianzia palipozoeleka tangu 1884. Mwaka 2018 kampuni ya Uber iliutoa kwa umma mfumo wa H3, uliotengenezwa kwa ajili ya kuhesabu safari na abiria mijini. Huu hurudi kwenye umbo la nyuso 20 katika mkao ule ule wa Fuller, una macho 122 ya mwanzo, 12 kati yake yakiwa pembetano, na hushuka ngazi mpaka jicho lisilofika mita moja ya mraba. Nao una madeni yake. Jicho kubwa linaweza kukaribia maradufu ya jicho dogo la ngazi ile ile. Pembesita saba za watoto haziwezi kukaa sawasawa ndani ya pembesita ya mzazi, hata wengine wakachomoza nje ya nyumba. Kabla ya hapo, mwaka 2017, baraza la kimataifa la viwango vya taarifa za kijiografia lilikuwa limetoa masharti ya nyavu za aina hii, yakafuatwa na kiwango cha ISO mwaka 2021. Viwango hivyo hudai maeneo sawa, na kwa kipimo hicho nyavu za makampuni zinazotumiwa zaidi hazitimizi sharti.

Ni nini faida ya haya kwa mtafiti wa lugha? Atlasi ya lugha na lahaja za Kenya, iliyoanza kutolewa na Bernd Heine na Wilhelm Möhlig mwaka 1980, iliwekwa juu ya ramani bapa, kama ilivyolazimu. Ramani ya namna hiyo hupaka rangi eneo kubwa kwa lugha ya wafugaji wachache wanaohama katika nchi kavu, na doa dogo kwa lugha ya wengi waliosongamana. Wavu wa macho yaliyo sawa humruhusu mtafiti kusema ni wazungumzaji wangapi walio katika kila jicho, na lugha ngapi kwa pamoja, bila kulazimika kuchora mpaka ambao watu wenyewe hawauheshimu. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini jina la jicho si jina la mahali. Kongowea, Mvita na Kisauni ni majina yenye wazee, ugomvi na nyimbo. Jina la tarakimu halina historia zaidi ya mgawanyo uliolizaa, wala halimwambii msikilizaji kama pana maji. Mtafiti anayeandika tarakimu peke yake katika daftari lake, akaliacha jina alilotajiwa na mwenyeji, amepoteza ushahidi ambao hakuna kompyuta itakayomrudishia.

Na pembetano 12 bado zipo. Moja kati yake, katika mkao wa Fuller uliorithiwa na H3, imeangukia karibu latitudo ya nyuzi 10 na nusu Kaskazini na longitudo ya nyuzi 58 Mashariki, kusini-mashariki ya kisiwa cha Sokotra. Fuller alipahesabu pahali hapo kuwa patupu kwa kuwa ni maji. Ndiyo bahari iliyo kati ya Bara Hindi na pwani ya Afrika, iliyovukwa kila msimu wa kaskazi na vyombo vilivyokuja Lamu, Mombasa na Unguja, na manahodha waliopima nyota kwa vidole. Katika kila ngazi ya mfumo, kuanzia jicho kubwa hadi dogo kabisa, kuna pembetano mahali hapo. Programu inayokwenda kutoka jicho hadi jicho ikifika hapo huhesabu majirani, ikapata watano badala ya sita, na waandishi wake wamelazimika kuiandikia kanuni ya pekee.